Mashimo ya Twalibu Kikoti

Twalibu Kikoti alikuwa mtu wa sabuni. Watu wa Mbeya waliomfahamu miaka ile ya hamsini walipotaka kumweleza kwa mgeni hawakuanza na kazi yake ya uchinjaji, walianza na usafi wake. Aproni yake ilifuliwa kila jioni. Kisu chake alikipangusa kwa kitambaa cheupe hata siku ambayo hakikugusa kitu. Na Ijumaa alipovaa kanzu akashika njia ya msikitini, mtu asiyemjua angedhani ni karani wa duka la vitambaa, maana harufu ya nyama ilikuwa imebaki huko huko buchani, na yeye alinukia udi ambao mkewe Zamda aliufukiza tangu asubuhi.

Kwao ni Kihesa, pale Iringa, katika nyumba ya Wahehe Waislamu. Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa na mjomba wake, Mzee Sudi, mchinjaji mwenye jina mji mzima. Mzee Sudi hakufundisha kwa maneno mengi. Alifundisha kwa kofi la kisogoni. Ukinoa kisu mbele ya ng'ombe, kofi. Ukimlaza ng'ombe mmoja mwenzake akiwa anaangalia, kofi. Ukisema bismillahi kwa kuipitisha haraka kama mtu anayehesabu viazi, hapo unapata mawili. Kwa hiyo Twalibu alipokuwa mtu mzima mkono wake ulikuwa mwepesi na moyo wake ulikuwa na huruma, na ng'ombe aliyefikishwa kwake hakuteseka.

Alihamia Mbeya kwa sababu mji ulikuwa unakua na mchinjaji wa pale alikuwa amezeeka, anataka kurudi kwao. Watu walikuwa wengi: madereva wa malori, makarani wa bomani, wachimba dhahabu waliotelemka kutoka Chunya na Makongolosi wakiwa na njaa ya nyama ya miezi. Waislamu walikuwa wachache tu, lakini nyama ya Twalibu ililiwa na kila mtu. Huko Mbeya ndiko alikomwoa Zamda, Msangu wa Rujewa, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha karibu. Maisha yakamnyookea.

Machinjio aliyoachiwa yalikuwa jiwe moja pana, kando ya kijito kinachotelemka kutoka mlimani. Aliyemtangulia alichinjia hapo, na yeye akachinjia hapo. Ilikuwa kazi rahisi. Ukishamaliza kuchuna na kupasua, unachota maji kwa debe, unamwaga, na kila kitu kinashuka chenyewe: damu, nyongo, kwato, na yale majani ya tumboni ambayo ng'ombe alikuwa hajamaliza kuyasaga. Twalibu alilisugua jiwe lake mpaka likang'aa, kisha akasimama kidogo kulitazama kwa kuridhika. Chini kidogo kijito kilipinda kikaingia kwenye matete, na baada ya pale Twalibu hakuwa na habari nacho.

Siku moja ya soko, mwaka 1954, bucha ilikuwa imejaa watu. Katika foleni alisimama mama mmoja wa makamo, Mnyakyusa, ana debe la maji kichwani. Watu walidhani ni muuza maziwa. Alisubiri zamu yake bila kusema neno, na ilipofika, Twalibu akamwuliza anataka steki au mifupa ya mchuzi. Mama akalitua debe, akaliweka juu ya meza ya kukatia nyama.

"Sikuja kununua, kaka," alisema. "Naitwa Sekela, natoka Iyunga. Nimekuletea maji. Nasikia wewe ni mtu wa swala, unatawadha mara tano kwa siku. Basi leo tawadha kwa haya."

Twalibu akainama kuangalia. Maji yalikuwa na wekundu wa kutu, utando wa mafuta juu yake, na vipande vya majani yaliyotafunwa vikielea. Aliuliza yametoka wapi, ingawa alikwisha jua.

"Pale tunapochota sisi," Sekela akajibu. "Ukichinja mapema yanatukuta tuko kisimani. Ukichelewa, tunawahi. Mwanangu wa mwisho ameumwa tumbo mara nyingi mwaka huu mpaka nimechoka. Sijaja kugombana. Nimekuja ili ujue."

Dereva mmoja aliyekuwa ameanza kucheka akajifanya anakohoa. Twalibu alikuwa na majibu tele mdomoni: kwamba kijito ni kirefu, kwamba wengine wanafulia humo humo, kwamba jiwe alilikuta. Lakini alimtazama yule mama aliyetembea kutoka Iyunga na debe zito kichwani, maji hayakupungua hata kidogo, na uso wake hauna hasira, una uchovu tu. Akalichukua debe, akaenda kulimwaga nyuma mbali na njia, akalisuuza kwa maji ya mtungi wake mwenyewe na kumrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Sekela akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaondoka. Aliyefuata kwenye foleni alinunua nusu ya alichokusudia.

Jioni ile Twalibu alikwenda kwa Mwalimu Hamdani, aliyesalisha na kufundisha watoto, na ambaye riziki yake ilitokana na cherehani aliyoiweka barazani. Alimkuta anashona suruali. Akamweleza habari yote, halafu akauliza kama mtu anayeuliza jambo la kitabuni tu: maji yanayotiririka, yakiingiwa na damu kisha yakaendelea kutiririka, je, si yanabaki twahara? Moyoni alikuwa anaomba aambiwe ndiyo, yanabaki, aende zake akalale.

Mwalimu hakusimamisha cherehani. "Unauliza maji yako au maji yake?"

Twalibu akaitazama sindano ikipanda na kushuka.

"Maana maji yako mimi nayajua," Mwalimu akaendelea. "Unachota juu ya jiwe, ni safi. Yake yamebadilika rangi, yamebadilika harufu. Hukumu yake ulifundishwa ukiwa mtoto, hukuhitaji kuja kwangu."

Hapo ndipo alipoachia cherehani. Alimweleza Twalibu kwa upole, kama anavyowaeleza watoto wa chuoni, kwamba Mtume aliwaonya watu wajihadhari na mahali patatu ambapo mtu akipachafua hujitafutia laana: mahali watu wanapochota maji, njia wanayopita, na kivuli wanachopumzikia. Akamkumbusha kwamba kuondoa udhia njiani kumehesabiwa katika imani, na kwamba Mwislamu haruhusiwi kumdhuru mwenzake, awe wa dini yake au asiwe. Ardhi hii, alisema, tumewekwa tuiangalie, na siku moja tutaulizwa tumeiangaliaje. Halafu akavua miwani.

"Kanzu yako ni nyeupe kuliko yangu, Twalibu. Lakini uchafu wake umeupeleka kwa mama yule, na yeye ndiye anayeunywa."

Twalibu alirudi nyumbani. Zamda alikuwa amepika maini, chakula anachokipenda kuliko vyote, na hakuweza kula. Alipomsimulia, Zamda alisikiliza mpaka mwisho, akayafunika maini, akasema kwamba kama taabu ni vitu kwenda mtoni basi visiende mtoni, jembe liko nyuma ya mlango.

Alichimba. Lakini ukweli ni kwamba shimo la kwanza la Twalibu lilikuwa aibu. Ardhi ilikuwa ngumu, mgongo wake haukuzoea jembe, na lilipofika magotini aliona limetosha. Jumamosi akachinja, akatumbukiza kila kitu humo, akafukia kwa udongo kiasi, akaenda kulala na dhamiri nyeupe.

Asubuhi ya Jumapili aliamshwa na kengele ya baiskeli. Nje amesimama mwanamume mwenye koti na tai, amejipiga pasi vizuri, na nyuma kwenye kibebeo cha baiskeli amefunga kichwa cha ng'ombe, pembe zake zote mbili zikichungulia huku na huku.

"Habari za asubuhi, ndugu yangu," alisema yule bwana. "Mimi ni Eliezeri, mzee wa kanisa. Huyu ng'ombe wako tumemkuta mlangoni pa kanisa. Nimeona nimrudishe kabla ibada haijaanza, maana hajabatizwa."

Twalibu hakujua aombe radhi au acheke. Ndani ya nyumba Zamda alikwisha amua upande wake. Kicheko chake kilisikika mpaka barabarani, na kikawaambukiza wote wawili, wakacheka wakiwa wamekishika kile kichwa, mmoja pembe hii na mwingine pembe ile. Kumbe fisi wameshuka kutoka mlimani, wamelifukua shimo lote na kutembeza utumbo mtaa mzima. Sehemu moja ilikutwa juu ya uzio wa bwana wa posta. Eliezeri alivua koti, akalitundika, akamsaidia kuokota mpaka kengele ya kanisa ikamwita. Kuanzia siku ile, kwa muda mrefu, Twalibu akaitwa Bwana Fisi, na yeye akaitikia.

Wakati wakiokota ndipo ilipojulikana kwamba Eliezeri ni mume wa Sekela. Twalibu aliona haya upya. Eliezeri akamwambia asijali. Mkewe aliporudi siku ile alisema amekutana na mtu aliyesuuza debe kabla ya kulirudisha, na mtu wa namna hiyo anaweza kusaidiwa.

Akamsaidia kweli. Eliezeri alikuwa amechimba vyoo vya misheni ujanani, akajua udongo wa mlima ule. Alikuja na mtaimbo, wakaenda mbali na kijito, upande wa juu penye udongo mwekundu, wakachimba shimo la kumzamisha mtu mrefu. Damu ikaingia humo, juu yake jivu, juu ya jivu udongo, na mdomoni magogo mazito na mawe ambayo fisi angehitaji kuitisha mkutano ili kuyaondoa. Bwana Afya wa mji alipopata habari alikuja kuona, akazunguka shimo mara mbili, akakubali machinjio yahamishiwe pale pale na akatoa saruji ya kutengenezea sakafu mpya yenye mfereji wa kuelekea shimoni. Jiwe la zamani likaachwa, na mvua za mwaka ule zikaliosha.

Ikabaki ile samadi ya tumboni. Ilikuwa nyingi, na Twalibu alikuwa tayari kuifukia, lakini Eliezeri aliishika mkononi, akaipondaponda, akainusa kama mwanamke anayechagua unga.

"Hii unaifukia?" aliuliza. "Viazi vyangu vinalia njaa kule Iyunga, nawe unaifukia."

Twalibu akasita. Mavi ni najisi, na mtu atakayekula kabichi iliyooteshwa humo, je, anakula halali? Akarudi tena kwa Mwalimu Hamdani, safari hii bila kuzungukazunguka. Mwalimu alicheka. Alimwambia kuwa ardhi imepewa kazi hiyo na Mwenyewe aliyeiumba, kupokea kichafu na kutoa kizuri, na mtu akiikatalia ardhi kazi yake anafanya ufujaji, na ufujaji umekatazwa hata kwa aliyekaa ukingoni mwa mto anayetawadha. Kabichi ioshwe iliwe. Kisha akauliza kama Eliezeri angeweza kumletea na yeye moja.

Basi ukaanza urafiki wa mkokoteni. Eliezeri alileta ng'ombe wake wawili wa kukokota, na siku za kuchinja walipakia samadi pamoja, wakateremka nayo Iyunga. Huko waliilundika kwa tabaka, samadi na majani makavu na jivu, wakafunika kwa majani ya migomba ili mvua isiizoe, wakaiacha ioze mpaka ikawa nyeusi na kunukia kama msitu. Msimu ule viazi vya Eliezeri vilitoka vikubwa hata majirani wakaja kuuliza. Sekela mwenyewe alimletea Zamda kikapu kizima, akakaa akanywa chai, na wale wanawake wawili wakawa kama waliozaliwa nyumba moja.

Zamda ndiye aliyeleta habari ya kwato. Miaka yote zilikuwa zinatupwa, na yeye kwao Rujewa alikuwa amezoea kuona zikichemshwa. Akaanza kupika supu ya kongoro pale sokoni asubuhi, pilipili kwa wingi na ndimu, katika baridi ile ya Mbeya inayokausha midomo. Madereva wakawa wanasimamisha malori. Kwa sababu supu yake ilipendwa, na maneno yake pia yalipendwa, ikawa rahisi kwake kuwaambia akina mama wa sokoni waache kutupa majani na maganda nyuma ya mabanda, pale palipokuwa na jaa lisilokwisha kufuka moshi. Wakaanza kuyaweka pembeni, mbali na makopo na matambara, na mkokoteni ukawa unayapitia. Si wote waliokubali. Kulikuwa na mmoja aliyesema yeye ni muuza ndizi, si mfagiaji, na aliendelea kusema hivyo hadi siku aliyoteleza kwenye ganda lake mwenyewe akakalia kikapu cha nyanya cha jirani. Hakusema tena.

Yote hayo hayakumfurahisha kila mtu. Msikitini bwana mmoja mwenye duka alianza kusogea kando kila Twalibu alipojipanga safuni, ingawa Twalibu sasa alioga mara mbili kabla ya kuja. Ilimwuma. Ijumaa moja pengo lile lilipoonekana wazi mbele ya watu, Mwalimu Hamdani aligeuka kutoka mihrabuni, akalitazama, akamwomba yule bwana kwa adabu asogee, kwa kuwa safu yenye pengo haipendezi na mzoa udhia ni mtu wa kusali naye bega kwa bega. Bwana akasogea. Baadaye mwenyewe aliagiza samadi kwa ajili ya maua ya mkewe.

Habari husafiri na malori. Zilifika Iringa zikiwa zimekua njiani, na Mzee Sudi akasikia kwamba mpwa wake, mtoto aliyemfundisha kushika kisu, ameacha kazi ya heshima na sasa anazoa mavi kwa mkokoteni akiwa na mzee wa kanisa. Akatuma neno kwa dereva: Twalibu aje Idi ya kuchinja, nimwone kwa macho yangu.

Idi ile ya mwaka 1957 iliangukia Julai. Twalibu na Zamda walipanda lori lililobeba mchele wa Usangu, wakakaa juu ya magunia wamejifunga blanketi, wakafika Iringa wekundu kwa vumbi kama waliochimbuliwa. Upepo wa Iringa uliwapokea kwa namna yake. Mzee Sudi alimkagua mpwa wake, akamshika mkono, akaunusa waziwazi. Alinusa sabuni tu. Akaguna, akawakaribisha ndani.

Siku ya mkesha, mchana, Twalibu aliteremka bondeni kumsalimu Mama Verediana. Huyu alikuwa mjane Mkatoliki, jirani wa tangu zamani, aliyempa Twalibu ugali mara nyingi alipokuwa mtoto wa kuzurura. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya uwanja ambako Mzee Sudi aliongoza uchinjaji wa mtaa kila Idi, na chini ya nyumba kuna chemchemi. Walisalimiana kwa Kihehe, kamwene, kwa furaha, akamwita mwanangu, akampapasa mabega kuona kama Mbeya wanamlisha. Twalibu alipoketi aliona ukutani mitungi imepangwa, mingi, hata sufuria na mabeseni, vyote vimejaa maji na kufunikwa. Aliuliza kama kuna harusi.

Mama Verediana alicheka, akajaribu kugeuza mazungumzo kwenye habari za Zamda. Twalibu akauliza tena.

"Ni ya sikukuu yenu, mwanangu," alisema hatimaye. "Kila mwaka nachota mapema. Mkishachinja, chemchemi inakaa siku kadhaa haifai. Mimi nimezoea. Usimwambie mjomba wako, atasikitika. Kila Idi ananitumia paja zima, mtu mwema namna ile nitamwambiaje?"

Twalibu alipanda kilima polepole. Sekela yeye alikuwa amekuja na debe lake akalitua mezani mbele za watu. Huyu mama alikuwa amenyamaza miaka yote kwa heshima, na kunyamaza kwake kulimchoma Twalibu zaidi. Alijua ameombwa asiseme. Alijua pia kwamba kesho asubuhi ng'ombe watalazwa pale pale.

Jioni, kabla ya magharibi, alimkuta mjomba wake amekaa kibarazani ananoa visu, amewapa mgongo ng'ombe kama kawaida yake. Akakaa karibu. Mzee Sudi ndiye aliyeanza. Alisema amesikia mambo ya mashimo na hataki kuyaona Kihesa. Baba yake alichinjia uwanja ule, na yeye atachinjia uwanja ule, na damu ya Idi ni sadaka, si takataka ya kufichwa.

"Mjomba," Twalibu akasema, "ulinipiga kofi nikinoa kisu mbele ya ng'ombe. Mpaka leo sinoi mbele yake. Ulisema asitishike hata dakika moja kabla ya wakati wake."

"Nilisema. Na ndivyo ilivyo."

"Basi nenda ukaangalie mitungi ya Mama Verediana."

Akamweleza alichokiona, na alichoambiwa, na kwamba aliombwa asikiseme. Mzee Sudi aliacha kunoa. Alikaa akiangalia bondeni, kwenye moshi wa jiko la jirani yake, mpaka adhana ikaadhiniwa, akainuka akaenda kusali, kisha akarudi kula. Mkewe, Bi Tatu, alimnong'oneza Zamda kwamba hajawahi kumwona mzee akila bila kulalamikia chumvi.

Asubuhi baada ya swala ya Idi Twalibu alirudi haraka kubadili nguo ili awahi kumshawishi mjomba wake tena. Nyumbani hakumkuta. Alisikia mshindo wa jembe nyuma ya zizi, upande wa pili wa kilima, mbali na chemchemi. Mzee Sudi alikuwa ndani ya shimo, kanzu ya sikukuu ameikunja kiunoni, jasho linamtiririka katika baridi ile, na shimo, alilolianza kabla ya alfajiri, limemfika kifuani.

Twalibu akaomba jembe. Mzee akamkatalia. Twalibu akasema, kwa adabu, kwamba lingefaa liongezwe kina kidogo kwa sababu ya fisi. Mzee akajibu kwamba fisi wa Iringa anawajua yeye, hajafundishwa fisi na mtu wa Mbeya. Walibishana pale mpaka wanaume wa mtaa wakakusanyika na ng'ombe wao, wakadhani kuna msiba. Walipoelezwa, wengine walinung'unika, lakini hakuna aliyethubutu kumbishia Mzee Sudi akiwa na jembe mkononi. Wakaleta majembe yao. Shimo likaongezwa kina, na mzee akasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

Uchinjaji wa mwaka ule ulichelewa na ulikwenda vizuri. Nyama iligawiwa kama inavyogawiwa, kwa ndugu, kwa jirani, kwa asiye na kitu. Paja la Mama Verediana, Mzee Sudi hakulituma. Alilibeba mwenyewe begani akateremka nalo, na alikaa huko muda mrefu hata Bi Tatu akaanza kuchungulia. Walichozungumza hakijulikani. Aliporudi alikuwa na sahani ya viazi vitamu vya kuchemsha mkononi na macho mekundu kidogo, akasema ni moshi wa jikoni kwa yule mama.

Twalibu na Zamda walirudi Mbeya baada ya sikukuu. Kazi iliwasubiri, Eliezeri aliwasubiri, na samadi haikungoja mtu. Kule Iyunga watoto wa Sekela walikunywa maji wakanenepa, na wa mwisho, yule wa kuumwa tumbo, akawa mkorofi hata mama yake akasema afadhali alipokuwa mgonjwa, kisha akaomba Mungu amsamehe kwa kusema hivyo.

Mwaka 1959 mfanyabiashara mmoja wa Iringa alipita machinjioni, akaona sakafu na mfereji na shimo, kisha akaingia buchani kwa Twalibu akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema amefurahi kuona kwamba hata Mbeya wameanza kuufuata utaratibu wa Kihesa. Huko kwao, alisema, kuna mzee mmoja mchinjaji, Sudi, ndiye aliyeanzisha mambo haya ya mashimo zamani sana, na inasemekana alimfundisha mpwa wake, ambaye aliyachukua akaenda kuyaeneza nchi za mbali.

Twalibu alimfungia nyama yake. Alimwuliza huyo mzee hajambo, naye akajibu hajambo, ana nguvu, anazungukia mitaa kukagua mashimo ya wenzake na kuwagombeza yakiwa na kina kidogo.

"Mfikishie salamu," Twalibu akasema. "Mwambie Mbeya tunajitahidi."

Nyuma ya pazia Zamda alikuwa ameanza kucheka.